Sharubati ya Nanasi na Nanaa kwa Siku za Kiangazi

Mwezi wa Juni ukishaingia, upande wa kusini magharibi mwa Uganda hubadili rangi. Vilima vya Isingiro, ambavyo mvua za Machi hadi Mei zilivivika majani mabichi, hugeuka manjano, kisha hudhurungi. Vumbi hufunika migomba iliyo kando ya njia, na magari yatokayo Mbarara kuelekea makazi ya wakimbizi ya Nakivale huonekana kutoka mbali kwa wingu linaloyafuata. Mbarara ni mji ulio kusini kidogo ya mstari wa ikweta, juu ya nyanda za mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo haulijui lile joto la jasho la Mombasa au Dar es Salaam. Joto lake ni kavu. Usiku watu hujifunika blanketi, na saa saba mchana jua la utosi huwakausha midomo. Mtu hupoteza maji mwilini bila kujiona akilowa jasho, na mara nyingi kiu humjulisha ikiwa imechelewa.

Siku kama hizo kila mtu hutafuta kitu cha kunywa. Wengi hukimbilia soda, ambayo huburudisha ulimi kwa dakika chache na kuuacha mfuko mtupu. Lakini nchi hii ni ya matunda. Isingiro inajulikana kote Uganda kwa ndizi zake. Mananasi huuzwa barabarani yamepangwa kama matofali. Mapapai, parachichi na pasheni hupatikana katika masoko ya Mbarara, na nanaa na mchaichai huota popote palipo na unyevu kidogo. Mama wa nyumbani mwenye vitu hivi anaweza kutengeneza sharubati nzito, yenye kuburudisha na kulisha, kwa gharama ndogo. Tatizo la kinywaji hiki kwa kawaida haliko katika matunda. Liko katika maji.

Wenyeji wa Ankole wana kinywaji chao cha zamani, eshande. Ndizi mbivu hukandwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji yake matamu. Yakitiwa mtama uliokaangwa na kuachwa yachache, hugeuka pombe iitwayo tonto. Yakinywewa siku ileile, ni kinywaji cha watoto na wazee. Wageni nao wamekuja na mambo yao. Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda, na leo watu zaidi ya 100,000 wanaishi humo, wakiwamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Wahabeshi. Mkongo huliita pasheni marakuja. Mhabeshi hupanga sharubati ya parachichi, ya papai na ya embe tabaka juu ya tabaka katika bilauri moja. Msomali hajui chai isiyo na iliki. Ambapo jikoni za namna nyingi zimekutana hivyo, ni ajabu kukuta watu wanashinda na kiu.

Msomaji na amfikirie mama mmoja, mzaliwa wa Kivu, aliyeweka meza yake chini ya mti karibu na njia ya Base Camp. Mezani ana ndoo yenye kifuniko, bilauri kumi na mbili, na kata ya kuchotea. Mgawo wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, na Februari 2021 ukashushwa hadi asilimia 60 ya mgawo kamili. Tangu hapo watu wengi makazini wamelazimika kutafuta njia ya pili ya kuishi, na ya mama huyu ikawa sharubati. Aliuza vizuri kiangazi cha kwanza. Kiangazi cha pili mtoto wa jirani aliharisha siku mbili mfululizo, na mtu mmoja akakumbuka kwamba mtoto yule alikunywa bilauri moja mezani pale.

Hakuna aliyejua kama ugonjwa ulitoka katika bilauri ile. Mtoto alikuwa amekula maembe yasiyooshwa, amecheza ziwani, na amekunywa maji katika nyumba tatu. Mtoto alipona, lakini wateja hawakurudi. Mama yule alipoulizwa, "Maji yako ulichemsha?" hakuwa na jibu la kuwatosha watu, maana siku nyingine alichemsha, siku nyingine hakuchemsha kwa kubana makaa. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Hakuweza kujitetea hata moyoni mwake.

Bibi mmoja wa mtaa uleule ndiye aliyemtoa katika shaka. Alimkuta ameinama juu ya ndoo tupu, akamwambia, "Mwanangu, usibishane na watu. Wachemshie maji mbele ya macho yao."

"Makaa ni ghali, mama," akajibu.

"Ghali kuliko meza hii?"

Sharubati ya wiki hii imepangwa juu ya shauri la bibi huyo. Majani na maganda huchemshwa katika maji yaleyale yatakayotumika kuzimulia matunda. Kwa hiyo moto mmoja hufanya kazi mbili: huua vijidudu, na hutoa harufu na ladha. Hakuna maji mengine yanayotiwa baadaye, na hivyo swali la yule mteja huwa na jibu moja kila siku.

KUHUSU MAJI

Maji ya kunywa ya Nakivale kwa sehemu kubwa hutoka katika ziwa la jina hilohilo, na husafishwa kabla ya kufikishwa bombani. Hata hivyo, maji yaliyo safi bombani yaweza kuharibika njiani: katika dumu lisilosuguliwa, katika ndoo iliyo wazi, au kwa kikombe cha mtoto aliyetoka kucheza. Ndiyo sababu maji ya kutengenezea sharubati huchemshwa hata kama yalitoka mahali pazuri.

Akina mama wengi wamefundishwa kuacha maji yachemke dakika kumi au ishirini. Huo ni uharibifu wa kuni. Mahali palipo chini ya mita 2,000, yatosha maji yatokote kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini, kwa dakika 1. Ni kweli kwamba Mbarara na Nakivale, kwa sababu ya mwinuko wake, maji hutokota yakiwa na joto la nyuzi 95 au 96 za Sentigredi, siyo 100 kama pwani. Lakini joto hilo linatosha kabisa kuua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Maji yenye tope hutulizwa kwanza, kisha huchujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo yawekwe motoni.

Wakati ulio bora wa kuchemsha ni jioni, chakula cha usiku kikishaipuliwa na makaa yakiwa bado mekundu. Maji hupoa usiku kucha na kuwa tayari asubuhi, bila kumlazimu mtu kuwasha moto wa pili.

MAHITAJI (bilauri 6 hadi 8)

Nanasi 1 la kiasi, lililoiva na kunukia
Ndizi mbivu 2, za aina ile ndogo tamu
Papai kipande 1, ukubwa wa kiganja
Majani mabichi ya nanaa, kiganja kimoja
Mchaichai, majani 3 marefu
Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba
Ndimu 1 kubwa au 2 ndogo
Maji, lita 1 na robo
Chumvi, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili
Sukari vijiko 2 vya chai, ikiwa nanasi ni kali

Nanasi zuri halitambuliwi kwa rangi peke yake, maana yako mananasi yanayoiva huku ganda likiwa bado na kijani. Mnunuzi hulinusa upande wa chini, penye kitako. Likinukia utamu, limeiva. Likinukia kama siki, limepita wakati wake na limeanza kuchacha ndani. Nanasi lisilo na harufu yoyote liachwe dukani, kwani baada ya kuvunwa haliongezeki utamu hata likikaa juma zima. Papai na ndizi si hivyo. Hizo huendelea kuiva nyumbani, na zaweza kununuliwa zikiwa ngumu kidogo kwa bei nafuu.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza, mikono huoshwa kwa sabuni na matunda yote huoshwa kwa maji safi kabla ya kisu kuyagusa. Wengi hudharau jambo hili wakidhani ganda litatupwa. Lakini kisu kinachopita juu ya ganda chafu huuingiza uchafu ndani ya nyama ya tunda. Nanasi hasa lisuguliwe kwa brashi au kwa kipande cha gunia safi, kwa sababu mianya ya ganda lake huficha udongo, na ganda hilo ndilo litakalochemshwa.

Pili, nanasi humenywa. Maganda yake, pamoja na moyo ule mgumu wa katikati, hutiwa katika sufuria yenye lita 1 na robo ya maji. Mchaichai hufungwa fundo na kutumbukizwa, na nusu ya tangawizi huparuzwa na kuongezwa. Sufuria hufunikwa na kuachwa itokote, kisha moto hupunguzwa kwa dakika 10. Dakika hizi za ziada ni za kutoa ladha ya maganda, siyo za kusafisha maji, kwa hiyo mwenye makaa machache aweza kuzifupisha ziwe 5. Sufuria huipuliwa, na majani machache ya nanaa hutiwa wakati huo, baada ya moto kutoka. Nanaa ikichemshwa sana hupoteza harufu yake na kuacha uchungu. Sufuria iendelee kufunikwa mpaka ipoe, kisha maji huchujwa. Yatakuwa na rangi ya dhahabu hafifu, na kiasi chake kitabaki lita 1 hivi.

Tatu, nyama ya nanasi na papai hukatwa vipande vidogo vidogo. Matunda haya hayapikwi. Vitamini C huharibika kwa joto, na ndiyo moja ya faida kubwa za kinywaji hiki. Gramu 100 za nanasi lisilopikwa huwa na miligramu 47 hivi za vitamini hiyo, na gramu 100 za papai huwa na miligramu 60 hivi, wakati mtu mzima anahitaji kama miligramu 45 kwa siku. Papai nalo huongeza viini vya vitamini A, ambavyo husaidia macho. Vitamini C pia humsaidia mtu kufaidi madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga za majani. Basi bilauri moja ikinywewa pamoja na chakula cha mchana cha maharagwe huwa na kazi kubwa kuliko kukata kiu.

Nne, ndizi humenywa mwisho kabisa na kukamuliwa ndimu papo hapo. Ndizi iliyoachwa wazi hugeuka nyeusi, na ukali wa ndimu huizuia. Ndizi ndiyo inayoifanya sharubati kuwa nzito. Bila hiyo ni maji ya matunda tu.

Tano, vitu vyote husagwa pamoja. Mwenye mashine ya umeme, kama walivyo wengi mjini Mbarara, hutia matunda, nanaa iliyobaki, nusu ya pili ya tangawizi, chumvi na bilauri mbili za maji yaliyochujwa, akasaga kwa dakika moja. Kisha huongeza maji yaliyobaki kidogo kidogo mpaka uzito umridhishe.

Asiye na mashine hana hasara. Huponda nanaa na tangawizi pamoja na chumvi katika kinu kilichooshwa kwa maji ya moto, na chumvi husaidia kuyavunja majani. Kinu kilichotwangiwa vitunguu au dagaa hakifai, hata kikioshwa mara ngapi. Vipande vya nanasi hufuata na kupondwa mpaka vilainike. Ndizi na papai hupondwa kwa mwiko katika bakuli mpaka ziwe uji. Vyote huchanganywa, maji hutiwa, na mchanganyiko hupigwa kwa mwiko au kwa mchapo wa vijiti dakika tatu au nne. Sharubati ya kinu huwa na nyuzinyuzi zaidi kuliko ya mashine, na wako wanaoipenda zaidi kwa sababu hiyohiyo. Haina haja ya kuchujwa ila kwa mtoto mdogo au mzee asiye na meno.

Sukari huonjeshwa mwisho, si mwanzo. Mara nyingi nanasi na ndizi hutosha zenyewe. Chumvi ile kidogo haikusudiwi ionekane ulimini. Kazi yake ni kupunguza ukali na kuufanya utamu wa tunda ujitokeze.

KUPOZA BILA BARAFU

Barafu inayouzwa njiani haijulikani ilitoka katika maji gani, na baridi haiui vijidudu. Huvilaza tu. Sharubati iliyotengenezwa kwa uangalifu kisha ikatiwa barafu ya maji mabichi imerudi pale ilipoanzia.

Mtungi wa udongo ndio friji ya bibi zetu wa Afrika, na haujapitwa na wakati. Maji hupenya polepole katika udongo wake, hukauka upande wa nje, na yakikauka huondoka na joto. Kiangazi chenye hewa kavu kama cha Isingiro huufaa mtungi kuliko pwani, ambako hewa imejaa unyevu. Usitiwe sharubati yenyewe, kwani hunasa katika vitundu vya udongo na kuchacha. Yawekwe humo maji ya majani peke yake, nayo yachanganywe na matunda wakati wa kunywa. Asiye na mtungi huviringisha kitambaa kilicholowa kwenye chupa, akaiweka kivulini penye upepo. Baada ya saa moja au mbili tofauti huonekana.

Chombo nacho kina sheria zake. Matunda makali kama nanasi na ndimu hula madini. Sharubati isilazwe katika ndoo ya bati la mabati wala sufuria nyembamba ya alumini isiyopakwa kitu, kwani madini huingia katika kinywaji na yaweza kumtapisha mnywaji. Kioo, chuma kisichoshika kutu, enameli isiyobanduka, au plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula ndivyo vinavyofaa. Dumu lililowahi kubeba dawa ya mimea au mafuta ya taa lisirudishwe jikoni milele.

MWENYE KUTAKA MAZIWA

Mbarara ni nchi ya maziwa. Ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu ni fahari yake ya zamani, na siku hizi malori ya maziwa hutoka huko kila siku. Kwa hiyo ni kawaida mtu kutaka kuyatia katika sharubati yake. Basi afahamu kwamba nanasi na maziwa hayaelewani. Ndani ya nanasi lisilopikwa mna kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho hukata protini ya maziwa vipandevipande. Maziwa hukatika, na baada ya muda mfupi kinywaji huwa kichungu. Papai nalo lina kimeng'enya cha jamaa hiyo, kingawa kikali zaidi katika papai bichi kuliko lililoiva. Wengi waliofikwa na jambo hilo wamelilaumu bure ng'ombe au mwuza maziwa.

Anayetaka sharubati ya maziwa achukue parachichi 1 lililoiva, ndizi mbivu 2, bilauri 3 za maziwa au mtindi, na majani matano ya nanaa. Hiyo hushibisha mtoto atokaye shule. Maziwa yoyote yaliyotoka kwa mfugaji ni lazima yachemshwe, hata kama yatagandishwa baadaye kuwa mtindi. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na ile homa ya ng'ombe iitwayo brusela, ambayo humsumbua mtu kwa miezi, ikimpandisha homa na kumwumiza viungo, naye akidhani ni malaria isiyosikia dawa.

NANI ASINYWE, NA NANI ANYWE KIDOGO

Mtoto mchanga hahitaji sharubati, wala maji. Maziwa ya mama humtosha kwa miezi 6 ya kwanza, hata jua likiwaka namna gani. Mama ndiye anywe zaidi. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe kinywaji kilichotiwa asali, kwa kuwa asali yaweza kubeba mbegu za kijidudu chenye sumu ambacho tumbo lake halijaweza kukishinda.

Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari akumbuke kwamba tunda lililosagwa hunywewa haraka kuliko linavyotafunwa. Anayekula ndizi moja na kipande cha nanasi atashiba, lakini bilauri mbili za sharubati aweza kuzimaliza akiwa amesimama. Kwake nusu bilauri pamoja na chakula inatosha, bila sukari ya kuongeza.

Na hili lishikwe zaidi ya yote: sharubati si dawa ya kuhara. Mtoto anayeharisha akipewa kinywaji kitamu, sukari nyingi huvuta maji zaidi kuingia utumboni, na hali yake huzidi. Apewe maji yenye chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, ile ya paketi itolewayo katika vituo vya afya. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi itiwe vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu, na anyweshwe kidogo kidogo wakati anapelekwa kituoni. Akiwa bado ananyonya, aendelee kunyonya. Macho yakiingia ndani, au akiwa mlegevu asiyeweza kunywa, safari hiyo isingoje kesho.

BUSTANI YA NANAA

Nanaa haina sababu ya kununuliwa kila wiki. Shina lenye urefu wa kidole likiwekwa katika bilauri ya maji dirishani hutoa mizizi ndani ya siku kumi hivi. Huhamishiwa katika kopo lililotobolewa chini, au ubavuni mwa bustani ya gunia kama zile zinazoonekana nje ya nyumba nyingi makazini. Isipandwe ovyo kati ya mboga, maana hutambaa chini kwa chini na kuzisonga. Mchaichai hupandwa kwa kugawa shina lake, nao hushika udongo wa mteremko usichukuliwe na mvua. Mimea yote miwili huridhika na maji yaliyosuuziwa mboga au mchele, ambayo vinginevyo yangemwagwa. Kiangazi kikiwa kikali, kopo huwekwa upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri.

KWA ANAYEUZA

Mwenye kuuza sharubati afanye hesabu kabla ya kupanga bei. Matunda, makaa, maji, sukari na nauli ya sokoni hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya bilauri. Ikiwa amekwisha kutumia shilingi 6,000 na kupata bilauri 12, kila moja imemgharimu 500. Akiuza kwa 500 amefanya kazi bure, na akisahau makaa katika hesabu yake, atajiona ana faida huku mfuko ukipungua. Bilauri zioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa, siyo kuchovywa katika ndoo moja kuanzia asubuhi mpaka jioni. Na kilichobaki jioni kisiuzwe kesho. Matunda yaliyosagwa huanza kuchacha upesi penye joto, na kilichotengenezwa asubuhi chafaa kuisha kabla ya jua kutua. Ni afadhali kutengeneza mara mbili kidogo kuliko mara moja kingi.

Yule mama wa Base Camp aliifuata njia hii. Alisogeza jiko lake kutoka uani, akaliweka kando ya meza, na kila jioni watu waliopita njiani waliona sufuria ikitokota na kunusa mchaichai. Asubuhi alichuja maji mbele ya yeyote aliyesimama. Juma la kwanza aliuza bilauri nne kwa siku, nyingine wakanywa watoto wake. Hakuna aliyemwomba radhi, wala hakungoja radhi. Juma la tatu alifika mama wa mtoto yule aliyeugua, akamshika mtoto mkono, akasimama mbali kidogo akiangalia sufuria.

"Haya ndiyo yaliyochemka jana?" akauliza.

"Ndiyo haya, mama. Yamelala humu na kifuniko chake."

Mama yule akatoa shilingi zake, akanywa yeye kwanza mpaka nusu, akangoja kidogo kama anayesikiliza, kisha akampa mtoto iliyobaki.

Juma lijalo ukurasa huu utaeleza namna ya kukausha ndizi na mananasi juani wakati wa mavuno, ili kusitupwe kitu.